Labda ya Thirza Kearton

Wewe uliye na binti, au mtoto wa kiume, soma haya kabla hujamaliza kumfundisha kusema. Annis Kearton alimfundisha wake kwa nia njema kabisa, kwa upendo na woga wa mama, na nusura amharibie maisha kwa neno moja.

Kule Keldrigg, juu kabisa katika bonde la mto Swale, kaskazini mwa Uingereza, watu hawasemi ndiyo. Si wakaidi. Wanasema happen. Waingereza wengine wote wakisema neno hilo wanamaanisha kutokea, jambo fulani limetokea. Bondeni maana yake ni labda. Happen itanyesha. Happen kondoo yule atazaa mapacha. Ukimuuliza mtu wa Keldrigg kama mkewe mzima, ataangalia mlima kwanza, kisha atakwambia, "Happen." Na mke mwenyewe yuko nyuma yake, amebeba ndoo mbili, anapiga mluzi.

Annis ndiye aliyekuwa bingwa wa neno hilo. Alikuwa mwoga wa mambo. Aliamini kwamba ukilitaja jambo jema waziwazi, unaliamsha baya lililokuwa limelala zake. Thirza alipokuwa na miaka sita alisema, "Mama, kesho tunakwenda kwenye maonyesho ya kondoo."

"Sema happen."

"Happen tunakwenda."

Kesho yake mvua ikanyesha, maonyesho yakaahirishwa, na Annis akamwambia mtoto, "Umeona?" Mtoto alijaribu kueleza kwamba happen aliisema. Haikusaidia. Kuanzia hapo Thirza alikua akilitia neno hilo kwenye kila sentensi kama vile mama yake alivyotia chumvi kwenye uji, kwanza konzi moja, halafu nyingine kwa tahadhari. Alipofika miaka ishirini na miwili, alikuwa msichana mwenye mikono yenye nguvu, kicheko kikubwa, na hajawahi hata siku moja kusema ndiyo kavukavu.

Majira ya kuchipua ya mwaka huo akafika Bwana Lionel Pym.

Alitoka kusini, ametumwa na wasomi wa huko kukusanya maneno ya zamani kabla wenye kuyasema hawajafa wote. Alipanga chumba cha mbele nyumbani kwa Annis na mumewe Jos. Alikuwa na kisanduku kilichojaa kadi, kila neno na kadi yake, na kutwa alimfuata Jos zizini na penseli.

"Mzee Kearton, hiki mnakiitaje?"

Jos alimtajia. Alimdanganya mara mbili tu, kwa sababu siku zilikuwa ndefu.

Alasiri moja, chai iko mezani, keki ya matunda imekatwa na kipande cha jibini kimelazwa juu yake kama ilivyo desturi, Pym akasema, "Mama Kearton, hili neno lenu happen ni la kale sana. Lina mama yake."

"Neno lina mama?"

"Anaitwa hap. Wazee wenu waliokuja kwa merikebu kutoka ng'ambo ya bahari ya kaskazini ndio waliomleta. Maana yake ni bahati. Kile kinachomwangukia mtu bila kukipanga, kiwe kizuri, kiwe kibaya."

"Happen," alisema Jos, akajiongezea chai.

"Na kuna jambo zuri zaidi," Pym akaendelea, huku akimtazama Thirza badala ya kumtazama mwenye nyumba. "Tunaposema mtu ni happy, yaani ana furaha, neno hilo nalo ni mtoto wa mama huyohuyo. Zamani mwenye furaha alikuwa mtu aliyeangukiwa vizuri, basi."

Annis aliacha kutafuna. "Kwa hiyo furaha ni kitu cha kuanguka."

"Kwa asili ya neno, ni hivyo."

"Nilijua," alisema Annis, akasogeza birika mbali na ukingo wa meza.

Sasa, mama hakosi kuona. Aliona kipande cha jibini ambacho Thirza alimkatia mgeni kikinenepa wiki hadi wiki. Aliona Thirza akikumbuka maneno ambayo hata bibi yake aliyasahau, mradi apate la kumpelekea Pym kwenye ukuta wa mawe wa shamba, anapokaa kuandika. Na Annis alimpenda yule kijana. Alikuwa mpole, alifuta miguu mlangoni, aliogopa bata wa pale nyumbani na hakuona haya kusema. Annis alitaka jambo lile liwe, alilitaka mpaka usingizi ukampungua, na kwa sababu alilitaka hivyo hakulitaja kwa mtu yeyote, hata kwa Mungu, ila kwa mzunguko.

Jumatano moja ya mwezi wa saba Thirza aliingia jikoni na uso umemwiva.

"Mama, Lionel ameniuliza."

"Amekuuliza nini?"

"Unajua nini."

Annis aliketi. "Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, happen ningekubali."

"Vizuri. Umejibu vizuri, mwanangu. Hukujitapa."

Kisha akatoka nje kwenda kuwafokea kuku ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote, maana furaha ilimjaa na hakujua pa kuimwaga.

Basi wakangoja Pym aseme neno la pili. Alhamisi hakusema. Alikula kidogo, akarudisha jibini. Thirza alidhani ndivyo walivyo wanaume wa kusini wakishaposa. Ijumaa ikapambazuka na jua kali, na nyasi za Jos zilikuwa zimelala chini tangu juzi, zimekatwa, zinakauka, chakula cha kondoo na ng'ombe cha msimu mzima wa theluji. Nyasi zikiwa chini hivyo hakuna mtu wa Keldrigg anayefikiria kitu kingine. Pym akatokea mlangoni na sanduku lake. Kazi yake imekwisha, alisema. Atapanda basi la saa tano.

"Happen utarudi," alisema Jos.

"Happen," alisema Pym. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitumia neno lile yeye mwenyewe, na tabasamu aliloliambatanisha lilikuwa bovu.

Thirza alishika reki yake akaenda upande wa mbali wa shamba. Mama yake alipompita, Thirza alisema bila kuinua kichwa, "Amenipa mkono, mama. Kama mchungaji mlangoni pa kanisa."

"Anakwenda kumwambia mama yake mzazi. Happen."

"Happen," alisema Thirza, na akazivuta zile nyasi kana kwamba zimemtukana.

Saa nne na nusu Annis alirudi nyumbani kuchukua kikapu cha chai ya wafanyakazi. Akapitia chumba cha mbele atandue mashuka. Chini ya mto wa kulalia palikuwa na kadi moja, imesahauliwa, au pengine imeachwa. Annis hakuwa amesoma sana, aliacha shule akiwa na miaka kumi na miwili ili alee wadogo zake, kwa hiyo aliisoma kwa kidole.

HAPPEN. Labda. Hutumika pia kumkatalia mtu kwa upole ili asiaibike. Mfano: "Happen ningekubali." Bi. T. K., Jumatano, karibu na ukuta.

Na chini yake, kwa penseli hafifu: Maana hii nimeithibitisha mwenyewe.

Akairudia. Kidole kilipofika kwenye neno "kumkatalia" kikasimama, hakikutaka kuendelea.

Alitoka mbio bila kikapu, kadi mkononi. Ukutani alisimama akaita, "Thirza, tupa hiyo reki."

"Mama, nyasi hizi..."

"Tupa. Huyo kijana anaondoka na jibu ambalo si lako. Anadhani umemkataa."

Thirza alisimama pale na mdomo wazi. "Lakini nilimwambia happen."

"Ndilo tatizo lenyewe."

Jos, aliyekuwa juu ya mkokoteni na uma wake, alinyoosha kidole kuelekea mlimani ambako wingu jeusi lilikuwa limeanza kuchungulia. "Happen itanyesha saa sita, Annis. Mkiondoka nyie wawili, nyasi zinaoza."

Annis alimtazama mume wake wa miaka ishirini na mitano. "Jos, umewahi kuniambia ndiyo?"

"Lini?"

"Wakati wowote."

Jos alifikiri. "Nilikuoa."

"Haitoshi," alisema Annis, na akageuka.

Barabara ya kwenda kituo cha basi inazunguka mpaka darajani, mwendo wa karibu saa nzima. Njia ya mkato ni moja tu, nayo inapita katikati ya shamba la Matty Raw, na nyasi za Matty zilikuwa bado zimesimama, ndefu, zimejaa maua, hazijakatwa. Lazima niliseme hili lieleweke: kwetu bondeni mtu anaweza kukusamehe ukimwibia kondoo. Kukanyaga nyasi ambazo hazijakatwa, hapana. Zikishalala haziinuki, na mundu hauzishiki. Annis mwenyewe aliwahi kumfokea askofu.

Alipanda ngazi ya mawe ya ukutani, akafumba macho kidogo, akaruka ndani.

Matty alikuwa upande wa pili, anarudishia mawe yaliyodondoka ukutani. Aliona kwanza kofia, kisha akaona kofia hiyo inakata shamba lake katikati kama mashua.

"Annis Kearton! Toka kwenye nyasi zangu."

"Natoka, Matty, natokea upande wako."

"Umepatwa na nini, mwanamke? Nyumba inaungua?"

"Happen... hapana. Jibu la Thirza liko kwenye basi."

"Liko wapi?"

"Nitakuja kuzikata mwenyewe, Matty, kwa mkasi ukitaka. Nivute mkono."

Matty alimvuta, kwa sababu hakujua la kufanya jingine, na alipogeuka kuendelea kulaani alimwona Thirza naye yuko katikati ya shamba, sketi ameikunja mkononi, anakuja kwenye alama zilezile za mama yake. Angalau, alisema Matty baadaye, binti alikanyaga palipokwisha kukanyagwa.

Basi lilikuwa limeshafika. Pym alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi na kisanduku cha kadi kwapani, na dereva, Ebby Coates, alikuwa ameshika gia.

Annis alitaka kusema. Pumzi hakuna. Na hata pumzi iliporudi, neno lenyewe halikuja, maana hakuwahi kulitumia. Akainua tu ile kadi.

"Bwana Pym. Kadi yako ina kosa."

Nawaambieni, kama angelia, kijana wa watu angemfariji na kupanda. Lakini kosa kwenye kadi! Pym alishuka palepale.

"Kosa gani, mama?"

"Hapa. Si kukataa."

"Ni nini, basi?"

"Ni... huyu mtoto alipokwambia happen, alimaanisha... happen alimaanisha..."

"Alimaanisha ndiyo, bwana," alisema Ebby Coates kutoka kwenye usukani. "Kila mtu anajua."

"Si kila mara," alisema mama mmoja aliyekuwa dirishani na kikapu cha mayai mapajani. "Muombe Jos Kearton akuazime farasi, akuambie happen. Hiyo ni hapana, na usimuombe tena."

"Hiyo sauti inapanda mwishoni," alisema Ebby. "Ikipanda ni hapana."

"Ikishuka ni ndiyo," alisema mwingine kutoka nyuma.

"Ikishuka polepole. Ikishuka ghafla ni kwamba amechoka na wewe."

Pym alikuwa ameshatoa penseli. Aliandika yote. Akawa bado anaandika Thirza alipofika, nywele zimejaa mbegu za nyasi, kiatu kimoja kimebaki kwa Matty Raw.

"Thirza," alisema Pym kwa sauti ndogo. "Ile ya Jumatano. Ilipanda au ilishuka?"

"Haikupanda wala haikushuka, Lionel. Ilisimama palepale. Nilikuwa nimebana pumzi."

Mule ndani ya basi mtu mmoja alisema, "Masikini," na akanyamazishwa.

Pym aliweka kisanduku chini barabarani. Akavua kofia. "Basi nakuuliza tena. Utaolewa na mimi?"

"Happ..."

Annis alimkanyaga ule mguu usio na kiatu.

"Mwanangu," alisema, "mimi ndiye niliyekufundisha hivyo, na nilikosea. Nilidhani nakulinda. Sema kavukavu."

"Na likitokea baya?"

Annis aliangalia wingu. Lilikuwa limeshafika nusu ya mlima. Moyo wake ulikuwa unamwambia amfunge mtoto mdomo kwa mkono. Akaificha mikono nyuma ya aproni.

"Likitokea tutakuwa tumeshasema."

"Ndiyo," alisema Thirza.

Annis alingoja. Mbingu haikuanguka. Basi halikupinduka. Tone moja la mvua lilimdondokea juu ya pua, naye akaamua kutolihesabu.

"Ndiyo," alirudia Thirza, kama mtu aliyeonja kitu akataka kuongeza. "Ndiyo, na kesho ndiyo, na Lionel, unalia juu ya kadi zako."

Ebby Coates alizima injini. "Zile nyasi za Jos," alisema, "ziko chini zote?"

"Zote," alisema Annis, na hapo ndipo alipokumbuka, akashika kichwa.

Nani alishuka wa kwanza haijulikani, wengine husema ni mama wa mayai. Walishuka abiria wote sita, na Ebby, na Pym. Walirudi kupitia shamba la Matty, mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia ambayo ilikuwa imeshatobolewa, na Matty alipoona msafara ule aliweka jiwe lake chini. Alichukua reki yake, akajiunga mwishoni. Wengine walikusanya, wengine walipakia, Jos juu ya mkokoteni akipokea. Pym alipewa uma na baada ya dakika tano akanyang'anywa, akawekwa kuwapelekea wenzake chai, kazi aliyoiweza. Mama wa mayai aliimba wimbo ambao haufai kuandikwa. Annis alicheka mpaka akaketi chini kwenye nyasi, jambo ambalo mumewe hakuwa amelishuhudia tangu mwaka waliooana.

Mzigo wa mwisho uliingia ghalani, mlango ukafungwa, na mvua ikamwagika. Ilikuwa imepita saa saba. Basi la saa tano lilifika mjini saa tisa, na hakuna abiria aliyelalamika.

Pale ghalani, maji yakigonga paa, Pym alimwendea Jos akasimama wima kama mwanafunzi. "Mzee Kearton, naomba ridhaa yako."

Jos alimtazama, akamtazama Thirza, akaangalia nyasi zake kavu zilizojaa mpaka kwenye boriti.

"Happen," alisema.

Kila mtu alitega sikio. Ilishuka, polepole, mpaka chini kabisa.

"Imeshuka," alinong'ona Pym, na akaandika.

Ndoa ilifungwa mwaka uliofuata, baada ya nyasi. Pym alikuwa hajaondoka tena. Alishamsaidia Annis kukata kwa mundu ule ukanda uliolala wa Matty Raw, alishazoeana na bata, na kadi zake alizianza upya, maana Jos alikuwa ameungama yale maneno mawili. Kanisani Annis alikaa mbele kabisa, leso mkononi. Mchungaji alikuwa mgeni, wa mjini, mtu wa kufuata kitabu. Itakuwaje Thirza akisahau? Itakuwaje mdomo ukirudia njia yake ya zamani mbele ya madhabahu? Usiku wa jana yake alimfanyisha mazoezi mara ishirini, nawe mama unayesoma hapa ungefanya vilevile.

Mchungaji alianza na bwana harusi. Akamuuliza kama anamchukua mwanamke huyu awe mke wake.

"Happen," alisema Lionel Pym.

 Mchungaji aliinua macho kutoka kwenye kitabu. "Samahani?"

Pym alikuwa mwekundu mpaka masikioni, anafungua mdomo na kuufunga. Annis akasimama.

"Imeshuka, mchungaji," alisema. "Hiyo ni ndiyo. Endelea."

Zamu ya Thirza ilipofika alisema ndiyo kwa sauti iliyowatoa njiwa darini, na kicheko chake kikafuata, na Ebby Coates akapiga makofi peke yake mpaka wengine wakamfuata.

Annis aliketi. Alijifuta macho, akatazama juu kwa mazoea, kuona kama kuna kitu kinaanguka. Ndipo Jos alipomwinamia sikioni.

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Uliniuliza siku ile ya nyasi kama nimewahi kukwambia." Jos alikohoa, akatazama mbele kama mtu aliye kanisani. "Nilikuwa bado nafikiri."